Sharubati ya Siki: Pima kwa Mizani, Usipime kwa Jicho

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wapenzi wa vinywaji vya kutengeneza nyumbani. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, karibuni.

Kabla hatujafika mbali, wanyooshe mkono wale ambao wamewahi kunywa siki. Siyo kuinyunyiza kwenye kachumbari; kuinywa, kwa bilauri, kwa sababu ya kiu. Naona mikono minne. Mmoja unashuka.

Basi wenye mikono ile wasione haya, maana wako pamoja na watu wengi. Askari wa Roma ya kale walikuwa na kinywaji chao cha safari kilichoitwa posca: siki na maji, basi. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, anaandika kwamba Cato Mzee, kiongozi wa Kirumi, akiwa vitani alikunywa maji matupu, na kiu ilipomzidi ndipo alipoomba siki. Na huko Marekani ya zamani, waliokuwa wakikata nyasi za kulishia mifugo shambani juani walipelekewa ndoo ya maji yaliyotiwa siki, tangawizi na molasi. Kwa nini watu wenye kiu kali, wa zama mbalimbali wasiojuana, walikimbilia kitu kichachu? Kwa sababu ukali huita mate, na mdomo wenye mate hujisikia umepoa. Maji matupu hupita. Maji yenye ukali kidogo hubaki mdomoni na kufanya kazi.

Leo hatutengenezi posca. Tunatengeneza jamaa yake mwenye adabu zaidi: tunda, sukari, siki na majani yenye harufu. Waingereza huiita kwa neno linalotokana na mzizi wa Kiarabu wa kunywa, mzizi uleule uliotupa sisi neno sharubati. Kwa hiyo sina sababu ya kuazima jina lao. Ni sharubati ya siki.

Na nina jambo moja tu la kuwaambia, nitalizungusha huku na huku lakini ni lilelile: kinywaji hiki huharibiwa na jicho na huokolewa na mizani. Anayetia siki "kiasi", sukari "ya kutosha" na kungoja "siku mbili tatu" ndiye anayekuja baadaye kusema siki haifai kunywewa.

Siki gani?

Tuanze na siki yenyewe. Siki ni nini?

Mwaka 1867 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alisimama mbele ya watengenezaji wa siki wa mji wa Orléans, Ufaransa, akawapa hotuba. Watu wale walikuwa wakitengeneza siki vizazi na vizazi, na bado mapipa yao yalikuwa yakiwashinda: moja likigeuka siki nzuri, jirani yake likilala. Pasteur aliwaonyesha kwamba ule utando unaoelea juu ya divai ni viumbe hai, vidogo visivyoonekana kwa jicho, na kwamba vinahitaji hewa ili kugeuza kileo kuwa tindikali. Utando ukizama, hewa inakosekana, kazi inasimama. Ukiziba chombo kikajaa hadi shingoni, kazi inasimama pia.

Kwa nini nawapa habari za Orléans? Kwa sababu mbili za jikoni. Ya kwanza: siki iliyotengenezwa nyumbani, ambayo hakuna aliyeipima, inaweza kuwa imegeuka nusu tu. Itanukia siki, itakuwa na ukali fulani ulimini, na bado isiwe na tindikali ya kulinda tunda lisioze. Ulimi hauwezi kukuambia asilimia. Kwa sharubati ya kuhifadhi, tumia siki yenye lebo inayosema asilimia 5. Ile uliyoitengeneza mwenyewe itie kwenye saladi. Sababu ya pili nitairudia tutakapofika kwenye matatizo, pale mtu anapofungua chupa na kukuta kitu kinachotelezateleza kimelala ndani.

Siki ya tofaa ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Ina utunda wake, inasamehe. Siki ya divai nyeupe inakaa vizuri na stroberi na pichi. Siki ya divai nyekundu inataka tunda jeusi: plamu, zabibu nyeusi, forosadi. Siki ya mchele ni pole sana, lakini soma lebo, nyingi ni asilimia 4 na kidogo. Hiyo tengenezea sharubati ya kumaliza ndani ya wiki mbili. Siki nyeupe ya kawaida inafanya kazi, salama kabisa, ila haina ladha yoyote zaidi ya ukali. Ukiitumia utajua umeitumia.

Na hapa naomba usikivu. Ipo tindikali ya siki iliyokolea, inayouzwa kwenye chupa ndogo, asilimia 70 au 80. Hiyo si siki. Inaunguza koo na tumbo. Usiichukue ukasema utaikadiria kwa maji. Halikadhalika siki iliyoandikwa kuwa ni ya kufanyia usafi: iache iendelee kufanya usafi.

Mizani

Sasa kanuni. Ni rahisi kuikumbuka hata usipoandika: moja, moja, moja. Gramu 500 za tunda lililokwisha menywa na kutolewa kokwa. Gramu 500 za sukari. Mililita 500 za siki ya asilimia 5. Nasema tena: tunda lililokwisha menywa. Nanasi la kilo moja na nusu likiwa na taji na maganda si kilo moja na nusu ya tunda, na kosa la kwanza la watu wengi liko hapo.

Hebu tufanye hesabu, msiogope. Mililita 500 za siki ya asilimia 5 zina takribani gramu 25 za tindikali. Tunda lako litatoa juisi kama mililita 350, sukari ikiyeyuka itaongeza kama 300, jumla na siki unapata lita moja na robo hivi, pungufu kidogo. Kwa hiyo chupa yako ina tindikali kama asilimia 2. Hiyo, pamoja na sukari nyingi hivyo na baridi ya jokofu, ndiyo inayozuia uozo. Bakteria wa botulini, yule mwenye sumu ya kuua, hastawi pale pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho hushuka kadiri ukali unavyopanda, inapokuwa chini ya 4.6, na mchanganyiko huu uko chini ya hapo kwa mbali.

Umeona basi kwa nini hatutii maji kwenye chupa? Maji yanatiwa kwenye bilauri, wakati wa kunywa. Mtu akionja, akakuta kali, akamimina maji chupani "kulainisha", amepunguza ukali na amepunguza ulinzi kwa mkono uleule.

Sukari unaweza kuipunguza, siki usiipunguze. Embe lililoiva vizuri linatosheka na gramu 350. Pasheni na plamu kali zinataka 500 kamili. Ukishuka chini ya 300 juisi inatoka kwa shida na sharubati haikai muda mrefu. Asali pia inafaa, gramu 400 badala ya 500 kwa kuwa ni tamu zaidi, lakini chagua asali nyepesi. Asali nzito yenye ladha kali inalimeza tunda zima. Na chenye asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata tone.

Njia ya baridi, hatua kwa hatua

Zipo njia tatu. Mbili nitazipitia haraka. Hii ya kwanza nataka tukae nayo, maana ndiyo inayotoa kinywaji chenye harufu ya tunda bichi.

Chukua nanasi, mfano wetu wa leo. Lioshe kabla ya kulimenya, kisu kisiingize uchafu wa ganda ndani. Likate vipande vya sentimita moja. Kikonyo cha katikati usikitupe, kina harufu. Kikatekate vidogo zaidi. Pima gramu 500, tia kwenye bakuli la kioo. Mimina gramu 500 za sukari, korogea kwa kijiko cha mbao mpaka kila kipande kimevaa sukari. Ponda kidogo, mara kumi na tano hivi, usifanye uji.

Majani: nanaa au mrihani, majani 20, yaliyooshwa na kukaushwa kabisa. Nasema kabisa. Maji ya kuoshea yakibaki kwenye majani ni maji uliyoyatia chupani bila kuyahesabu. Yapige kofi moja kati ya viganja, harufu ifunguke, kisha yazike ndani ya tunda.

Funika, weka kwenye jokofu. Saa ngapi? Ishirini na nne kwa tunda laini, hadi 48 kwa tunda gumu. Koroga mara mbili kwa siku. Nini kinatokea humo ndani? Sukari inavuta maji kutoka kwenye tunda, na maji yanapotoka yanabeba rangi na harufu. Hakuna moto uliohusika. Baada ya saa chache utaona shira imejaa chini, na vipande vya nanasi vimesinyaa kama vimezeeka usiku mmoja.

Kwa nini kwenye jokofu na si mezani? Kwa sababu ganda la tunda lina hamira ya asili, na mahali pa joto hamira hiyo haikai bure. Itaanza kula sukari na kutoa gesi, nawe ulikuwa unataka sharubati, si pombe.

Sasa chuja. Tumia chujio la matundu madogo lililotandikwa kitambaa safi, na usikamue kwa nguvu. Najua inauma kuacha juisi, lakini ukikamua unapata mawingu na chembechembe. Acha itone kwa nusu saa. Sukari iliyogandamana chini ya bakuli usiiache: mimina siki kidogo, izungushe, ikombe yote. Kisha changanya shira na siki iliyobaki, mimina kwenye chupa iliyochemshwa dakika 10 na kukauka, funga, rudisha kwenye jokofu.

Halafu? Halafu ngoja wiki moja. Tikisa chupa kila siku mpaka sukari yote iyeyuke.

Hapa ndipo watu wanaponishinda. Mtu anaonja siku ileile. Siki inamchoma puani, anakunja uso, anasema hii kitu haikubali. Mwenye pupa hadiriki kula tamu! Siku ya kwanza siki na tunda ni wageni wawili waliokaa benchi moja wakitazama pande tofauti. Siku ya saba wameanza mazungumzo. Wiki ya tatu, humtambui nani ni nani. Jokofuni sharubati inakaa miezi miwili hadi mitatu ikiwa nzuri, baada ya hapo harufu ya tunda inafifia hata kama haijaharibika.

Majani, na somo la Waajemi

Waajemi wana kinywaji kinachoitwa sekanjabin. Jina lenyewe limeunganishwa kutokana na maneno mawili, siki na asali. Siku hizi wengi hutumia sukari: huchemsha sukari na maji, hutia siki, huchemka tena kidogo, kisha huondoa sufuria motoni. Na hapo, moto ukishazimwa, ndipo nanaa inapotumbukizwa, ikakaa mpaka shira ipoe, ikatolewa.

Mmeona ufundi uko wapi? Kwenye saa ya kuingia na saa ya kutoka. Nanaa ikichemshwa inageuka ladha ya majani ya kondoo. Ikiachwa chupani wiki tatu inakuwa nyeusi na yenye uchungu. Kwa hiyo majani laini, yaani nanaa, mrihani, giligilani, yaingie na sukari, yatoke wakati wa kuchuja. Usiache jani chupani kwa ajili ya uzuri. Kama unataka uzuri, weka jani jipya kwenye bilauri.

Vitu vigumu ni habari nyingine. Kijiti cha rozmari cha sentimita 10, mabua mawili ya mchaichai yaliyogongwa, gramu 30 za tangawizi iliyokunwa, iliki sita zilizopasuliwa: hivi vinataka siki ya moto. Pasha siki mpaka ianze kutoa mvuke lakini isichemke, imimine juu yake, funika, acha ipoe usiku kucha, chuja. Siki hiyo ndiyo uichanganye na shira. Karafuu tatu, jamani. Tatu! Ya nne unaisikia, ya tano unaisikia peke yake.

Njia ya moto kwa matunda ni kuchemsha sukari na maji mililita 150, kutia tunda, kuacha lichemke taratibu dakika 10, kupoza, kuchuja, kutia siki. Ni ya haraka na inafaa kwa tunda gumu au lisilo na juisi. Bei yake ni ladha ya kupikwa. Stroberi zinanukia jamu. Na jihadhari na mapera, tofaa na plamu. Haya yana pektini nyingi, na pektini ikikutana na sukari, tindikali na moto, inaganda. Unafungua chupa ya sharubati, unakuta jeli imekutazama. Matunda hayo yafanye kwa baridi.

Njia ya tatu ni kulowesha tunda ndani ya siki siku tatu hadi saba, kuchuja, kisha kuyeyusha sukari. Inatoa sharubati kali, safi, yenye rangi nzuri. Sharti moja: tunda lote lizame. Kipande kinachoelea juu ya siki ndicho mlango wa ukungu.

Kuhusu matunda yenyewe, maneno machache. Pasheni, kwangua kwa kijiko, usisage kwa mashine, mbegu zikivunjika zinatia uchungu na vichembe vyeusi. Ndimu na machungwa, tumia ganda la juu lenye rangi, lisugue na sukari mpaka mafuta yatoke, kisha juisi. Lile eneo jeupe ni uchungu mtupu. Tikiti maji karibu lote ni maji, kwa hiyo gramu 350 za tunda zinatosha badala ya 500. Ndizi na parachichi, waachieni wengine. Tunda lililochubuka linakubalika, kata pale palipopondeka. Tunda lenye ukungu halikubaliki hata ukikata, maana ukungu kwenye tunda laini umeshatembea ndani kuliko unavyoona.

Chombo

Sehemu hii ni fupi, lakini kisa chake ni kirefu.

Karne ya 18, watu wa Devon, Uingereza, walikuwa wakiugua maumivu makali ya tumbo, wengine mikono ikipooza. Ilikuwa desturi kulaumu ukali wa juisi yao ya tofaa iliyochachuka. Mwaka 1767 daktari George Baker akauliza swali la mtu mwenye akili: mbona watu wa Hereford nao wanakunywa kinywaji hichohicho na hawaumwi? Akapima. Kinywaji cha Devon kilikuwa na risasi, yaani yale madini ya sumu. Cha Hereford hakikuwa nayo. Mashinikizo ya Devon yalikuwa yameungwa na kuzibwa kwa risasi, na ukali wa tofaa ulikuwa ukiilamba kidogokidogo na kuipeleka kwenye bilauri. Watengenezaji wa Devon hawakumshukuru hata kidogo.

Tofaa halina ukali wa siki. Sasa fikiria siki, wiki tatu, ndani ya chombo usichokijua.

Kioo. Jibu ni kioo. Chungu cha udongo kilichopakwa rangi ya kung'aa usikitumie, rangi ya zamani au isiyojulikana yaweza kuwa na risasi. Alumini, shaba na bati la mabati, hapana. Chuma kisichoshika kutu kinafaa kwa kupashia siki, si kwa kulaza. Na mfuniko! Watu wananunua chupa safi ya kioo wakaifunga kwa mfuniko wa chuma. Mvuke wa siki unakula ule mfuniko, kutu inadondoka ndani. Tumia mfuniko wa plastiki, au weka karatasi ya kuokea kati ya chupa na mfuniko.

Kinapoharibika

Mtaniuliza: nimefungua chupa, nimekuta kitu kama kipande cha utumbo, kinateleza. Nitupe?

Huyo ni mama wa siki. Ndiye yuleyule utando wa Pasteur. Siki isiyochujwa ina bakteria hai, wamekuta masalia ya kileo na hewa, wakajenga nyumba. Hana madhara. Mchuje, jaza chupa hadi karibu na shingo ili hewa ipungue, endelea.

Lakini kikiwa na manyoya, kikiwa cha kijani, cheusi au cheupe chenye vumbi, hicho ni ukungu. Mwaga yote. Usichote juu ukabakiza chini. Na ujue umetokana na nini: tunda lililoelea, chupa yenye maji, siki pungufu, au kijiko kilicholambwa kikarudishwa.

Povu je? Ukiliona kabla ya kutia siki na harufu bado ni ya tunda, chuja saa hiyohiyo, tia siki, weka kwenye baridi. Umechelewa kidogo tu. Harufu ikiwa ya hamira au ya rangi ya kucha, mwaga. Ukiliona baada ya kutia siki, mfuniko ukifunguka kwa "pa!", basi vipimo vyako vilikuwa na kasoro. Chupa hiyo isikae imezibwa mezani, gesi inaweza kuipasua.

Ikiwa kali mpaka inakwaruza koo hata baada ya wiki mbili, ongeza sukari gramu 50, tikisa, ngoja siku tatu, onja tena ikiwa imechanganywa na maji. Watu huonja shira kavu kisha wanalalamika. Nani anaonja majani ya chai kwa kutafuna?

Ikiwa na mawingu, ni pektini na nyuzi za tunda. Embe hufanya hivyo kila mara. Ilaze siku mbili bila kuitikisa, imimine polepole, masimbi yabaki chini. Au ikunywe hivyohivyo.

Kwenye bilauri

Sehemu moja ya sharubati, sehemu sita za maji baridi. Mililita 30 kwa mililita 180. Ikiwa ni maji yenye gesi, anza na sehemu tano, maana mapovu yanaongeza hisia ya ukali. Tia sharubati kwanza, kisha barafu, kisha maji, koroga mara moja. Usichanganye na maziwa. Yatakatika mbele ya macho yako.

Bilauri hiyo ina sukari kama gramu 14, yaani vijiko vitatu vya chai na ziada. Nalisema wazi kwa sababu siku hizi kila chenye siki kinauzwa kama dawa. Hiki ni kinywaji cha kuburudisha. Hakitibu kisukari, hakiyeyushi mafuta ya mwili. Mwenye kutumia dawa za sukari au za kupunguza maji mwilini amuulize daktari wake kabla ya kukifanya cha kila siku, na mwenye vidonda vya tumbo atajua mwenyewe baada ya funda la kwanza, afadhali asilifikie.

La mwisho ni meno. Mwandishi Mrumi, Plinio, anasimulia kwamba Cleopatra, malkia wa Misri, aliwekeana dau na Antonius, jemadari wa Kirumi, kuwa angeteketeza mali ya kutisha katika karamu moja. Akavua lulu sikioni, akaitumbukiza kwenye siki, ikayeyuka, akainywa. Siki ya kawaida haiyeyushi lulu nzima upesi hivyo, ingetaka saa nyingi, lakini kwamba inaila, inaila kweli. Jaribuni nyumbani: laza yai bichi ndani ya siki usiku na mchana, mje mlishike. Ganda limekwenda, limebaki yai la kubonyea.

Meno yenu si lulu wala ganda la yai, ila nayo huanza kulainika pH ikishuka chini ya 5.5, na kinywaji hiki hata kikishachanganywa na maji kiko karibu na 3. Kwa hiyo kinywe na chakula au ukimalize kwa mara moja, kuliko kukinyonya kidogokidogo mchana kutwa. Tumia mrija ukipenda. Sukutua kwa maji matupu. Na usipige mswaki papo hapo. Ngoja nusu saa, jino likiwa limelainika mswaki unalikwangua.

Yale makapi ya tunda yaliyobaki kwenye chujio msiyatupe. Nanasi lililolala kwenye sukari na nanaa linaingia kwenye keki, au linachemshwa dakika 15 na kuwa jamu. Lile la njia ya tatu, lililolowa siki, linafaa kando ya nyama ya kuchoma.

Pale mezani kuna chupa tatu za nanasi na mrihani, zote kwa kipimo kimoja: ya kushoto ina siku moja, ya katikati siku saba, ya kulia siku 21. Anzeni kushoto, ukali wake uwapige puani vizuri, kisha sogeeni. Maswali nitayapokea mkiwa mmeshika bilauri.